Gari Likigonga Mbele: Maneno Juu ya Boljointi za Pikapu

(Maneno aliyosema mwanachama mmoja dereva mbele ya wanachama waliokutana Kabazi. Tumeyapiga chapa hapa kwa ajili ya wale wasioweza kuhudhuria.)



Katibu ameniomba nizungumze nanyi kwa muda wa nusu saa juu ya jambo la ufundi. Mimi si msemaji. Kazi yangu ni udereva, na mikono yangu imezoea usukani na spana kuliko karatasi. Kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka.

Hiki kilichoko mezani ni boljointi ya zamani. Naomba kipitishwe mkono kwa mkono mpaka kule nyuma. Kila mtu akishike, akitikise ule mti wake, asikilize. Mwasikia? Hiyo ko-ko-ko ndiyo iliyonileta hapa leo.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe. Zamani kidogo nilikuwa nikiendesha pikapu ya shamba moja la huku kwetu, na jina lake silitaji. Asubuhi tulipeleka mboga, na mchana tukarudi na mbolea au chakula cha ng'ombe. Mnazijua barabara zetu. Lami ya kutoka Nakuru kwenda Subukia na Nyahururu ni njema, lakini shamba haliko juu ya lami. Ukiiacha tu, ni mawe, mitaro na matope, tena ni kupanda na kushuka. Basi kwa muda wa wiki tatu hivi nilisikia kitu kikigonga mbele, upande wa kushoto, kila nilipopita shimo. Nikamwambia msimamizi. Akanijibu, "Ngoja mwisho wa mwezi." Nikangoja.

Siku moja ya mvua tulikuwa tukiteremka na makreti. Nilipokata kona kuingia njia ya shamba, gurudumu la kushoto lililala nje kama mguu wa ng'ombe aliyevunjika, na bodi ikaangukia juu ya tairi. Usukani ulizunguka mkononi mwangu bila kushika kitu. Mwendo ulikuwa mdogo mno, na ndiyo sababu naweza kusimama hapa. Lakini mwenzetu aliyekuwa ameketi nyuma juu ya makreti alirushwa chini akavunjika mfupa wa bega. Alikaa nyumbani wiki nane, na mtoto wake mchanga alikuwa hajatimiza mwezi.

Lililofuata mwaweza kulikisia. Msimamizi akasema hakuambiwa kitu. Mimi sikuwa na karatasi wala shahidi. Gharama ya kutengeneza gari ikakatwa katika mshahara wangu miezi mitatu mfululizo. Wakati huo sikuwa mwanachama, na sikujua kwamba kuna mahali pa kupeleka neno langu.

Ndugu zangu, silaumu upande mmoja tu. Nilifanya makosa mawili. La kwanza, sikuandika. La pili, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, niliendelea kuendesha gari ambalo masikio yangu yalikwisha kuniambia ni bovu, na mtu mwingine ameketi nyuma.

Sasa nije kwenye chuma chenyewe. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya settla watakumbuka malori ya Bedford. Yale yalikuwa na ekseli moja nzito mbele, kutoka gurudumu mpaka gurudumu, na gurudumu lilizunguka juu ya pini nene iliyoitwa kingipini. Pikapu nyingi za siku hizi hazina ekseli hiyo. Kila gurudumu la mbele linashikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini, na mikono hiyo hupanda na kushuka kama bawa la kuku. Gurudumu lapaswa kupanda na kushuka pamoja nayo, na papo hapo liweze kugeuka kushoto na kulia. Kiungo gani chaweza kufanya yote mawili? Tazama nyonga yako. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe, nao waenda upande wowote. Boljointi ni hivyo hivyo: tufe la chuma lenye mti, ndani ya kikombe chenye grisi, na juu yake mpira wa kuzuia vumbi na maji.

Mpira huo ni kitu kidogo, lakini uhai wa kiungo chote uko ndani yake. Ukipasuka, grisi hutoka na matope huingia. Matope ya huku kwetu yana mchanga ndani yake, na mchanga husaga chuma kama msasa. Tufe hupungua, kikombe hupanuka, na mwisho wake siku moja tufe huchomoka. Halipigi mbiu siku hiyo. Mbiu limekwisha kuipiga wiki tatu mbele, ko-ko-ko, na wewe ukaongeza sauti ya redio.

Wengine hunijibu, "Hii ni Toyota, haiwezi." Mimi naipenda Toyota, nami ninayo. Lakini mwaka 2005 kampuni yenyewe iliita irudishwe karakanani huko Marekani zaidi ya pikapu na magari makubwa 700,000, kwa sababu ya boljointi za chini za mbele zilizoweza kuchakaa upesi. Ikiwa wenyewe waliotengeneza gari waliona haja ya kuita magari yote hayo, mimi na wewe wa Kabazi tuna kiburi gani?

Mimi na wenzangu wawili tulikusanya akiba tukanunua Hilux ya zamani ya miaka ya 1990, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Tunachukua viazi na kabichi. Mwezi uliopita tulibadilisha boljointi zake za chini nyumbani, chini ya mti, siku ya Jumapili. Nitawaeleza tulivyofanya, lakini kwanza nieleze namna ya kupima, maana wengi hubadilisha kitu kizima wakaacha kibovu.

Pandisha gurudumu kwa jeki. Katika gari kama letu, springi ya mbele ni fimbo ndefu ya chuma inayojipinda, mafundi huiita toshenibaa, nayo imeshikana na mkono wa chini. Kwa sababu hiyo ni boljointi ya chini inayobeba uzito wa gari, na jeki ya kupimia yapaswa kuwekwa chini ya mkono huo wa chini, karibu na gurudumu. Ukiweka jeki kwenye chasi tu, ile fimbo itausukuma mkono chini kwa nguvu, kiungo kitakazwa, nawe utadhani ni kizima. Nimewaona mafundi wa miaka kumi wakidanganyika hapo. Ikiwa gari lako springi yake imeshikana na mkono wa juu, mambo yanageuka, kwa hiyo chungulia kwanza kabla ya kuweka jeki.

Gurudumu likiwa hewani kidogo, ingiza mtalimbo chini ya tairi uliinue polepole, na mwenzako atazame kiungo kwa tochi. Kama chuma kinachobeba gurudumu kinapanda na mkono wa chini haupandi pamoja nacho, kiungo kimekwisha. Halafu shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Kama mchezo umepotea, ubovu ni wa beringi ya gurudumu. Kama umebaki, rudi kwenye boljointi. Ukishika kushoto na kulia likacheza, hapo tazama tairodi na viungo vya usukani. Mtihani huu wa breki hauna gharama hata senti moja, na umewaokolea watu fedha nyingi.

Sasa kazi yenyewe. Vitu vinavyotakiwa: jeki mbili, stendi mbili za chuma, wili spana, spana za kawaida, nyundo mbili nzito, brashi ya waya, koleo, mafuta ya kulainisha kutu, na waya wa kufungia. Ukiweza, azima spana ya kupima nguvu. Mahali pawe tambarare na pagumu. Chini ya mti wetu palikuwa na udongo laini, tukatandika mbao nene, maana stendi ikizama upande mmoja gari huanguka.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, nanyi mnivumilie. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Usilitegemeze kwa matofali ya saruji, maana tofali hilo halipasuki polepole, husagika mara moja. Kama huna stendi, tafuta vigogo vipana vya mti mgumu, uvipange kwa kupishana. Magurudumu ya nyuma yawekewe kabari mbele na nyuma, gia iingizwe, breki ya mkono ivutwe. Na watoto wafukuzwe, hata wakilia.

Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Kisha pandisha kwenye chasi, weka stendi, litikise gari kwa bega uone kama limetulia, ndipo utoe tairi. Sasa chukua jeki ya pili uiweke chini ya mkono wa chini, usogee kidogo kutoka kwenye boljointi ili upate nafasi ya spana, uipandishe mpaka ibebe ule mkono. Jeki hiyo haitoki hapo mpaka kazi iishe. Ile fimbo niliyowaambia imejipinda kwa nguvu ya kubeba gari. Ukifungua boljointi wakati mkono wa chini haukushikwa na kitu, utashuka kama mtego wa panya, na kilicho chini yake, mguu au kichwa, hakitapona. Wengine huilegeza fimbo kwanza kwa boliti yake ya kurekebishia, nayo ni njia salama zaidi, ila hesabu nyuzi za boliti uziandike, la sivyo gari litasimama limeinama upande mmoja kama mzee mwenye baridi yabisi.

Toa ile pini ya kukunja iliyo kwenye nati ya meno. Itupe. Pini ya zamani hairudishwi, ijapokuwa inaonekana nzima. Legeza nati, lakini usiitoe yote, iache imeshika nyuzi chache. Nati hiyo ndiyo itakayozuia vitu visirukie usoni mwako kiungo kitakapoachia.

Mti wa boljointi umetengenezwa mwembamba juu na mnene chini, nao umekaa katika tundu la namna hiyo hiyo, umekamatana kama kabari ya jembe. Watu wengi hupiga nyundo kwenye ncha ya mti. Hawapati kitu isipokuwa kuharibu nyuzi. Pigeni ubavuni mwa lile sikio la chuma lenye tundu, nyundo mbili, moja kila upande, kwa pamoja. Chuma hushtuka, tundu hupanuka kidogo sana, na mti huachia kwa mlio. Sisi tulipiga mara sita. Uko pia uma wa chuma wa kugongomea katikati, lakini huo huchana mpira, kwa hiyo utumie pale tu unapojua boljointi itatupwa.

Ukisha kuachia, toa nati, inua chuma kinachobeba gurudumu ukifunge kwa waya kwenye chasi. Angalia sana ile paipu ya mpira ya breki. Isibebe uzito wowote wala isivutwe, kwa maana ikipasuka ndani hutaiona, utaiona siku ya mteremko.

Katika Hilux yetu boljointi imefungwa kwenye mkono kwa boliti, na hii ndiyo sababu kazi yawezekana nyumbani. Magari mengine yamepigwa riveti kiwandani, itabidi zitobolewe kwa drili. Mengine kiungo kimeshindiliwa ndani ya mkono kwa mashine, na hapo usijidanganye na nyundo, ufungue mkono mzima uupeleke Nakuru kwa mwenye mashine ya kushindilia. Na ukifungua mkono wa juu kwenye chasi waweza kukuta vibati vyembamba. Hivyo ndivyo vinavyoweka gurudumu lisimame sawa. Kama huna haja ya kufungua pale, usipaguse.

Kabla ya kufunga mpya, safisha tundu lile kwa brashi na kitambaa mpaka ling'ae. Lisipakwe grisi, lazima liwe kavu ili mti ukamate. Chungulia vizuri. Kama tundu limekuwa la yai badala ya duara, basi chuma hicho nacho kimekwisha, na boljointi mpya haitadumu humo. Funga boliti, ingiza mti, kaza nati kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari hilo, si cha gari la jirani. Matundu ya pini yasipolingana, kaza kidogo zaidi mpaka yalingane. Usilegeze kamwe ili kuyatafuta. Tia pini mpya, ukunje. Kama kuna nipli, tia grisi mpaka mpira uvimbe kidogo, uache hapo, usiupasue kwa ukarimu.

Rudisha tairi, teremsha gari, kaza nati za tairi kwa kupishana, na baada ya kilometa hamsini au mia ukaze tena. Upande wa pili ni hivyo hivyo, kwa hiyo sitaurudia. Sisi tulianza saa mbili asubuhi tukamaliza saa kumi jioni. Upande wa kwanza ulitumeza saa tano kwa ajili ya boliti moja iliyoshikwa na kutu. Kesho yake tulipeleka gari mjini likapimwe alaimenti.

Juu ya kununua. Spea bandia ni nyingi katika nchi yetu, mpaka Serikali ikatunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008. Wako wanaokwenda Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, iliyoitwa zamani Grogan, wakarudi na boljointi iliyotolewa katika gari lililokufa. Kwa mlango au taa mimi sina neno. Kwa kiungo hiki, hapana. Hujui kilisagwa kiasi gani. Pia wako mafundi wanaochukua kikombe kilichopanuka wakakigonga kwa nyundo mpaka kibane, wakapaka rangi nyeusi. Kitabana wiki moja. Nunua duka linalotoa risiti, tikisa mti kwa mkono kabla ya kulipa: uwe mgumu lakini uzunguke bila kukwama.

Sasa narudi kwa yule msimamizi wangu, maana Katibu ananionyesha saa.

Haya niliyoeleza ni ya gari letu wenyewe. Gari la mwajiri ni jambo jingine. Mtu akikuambia ukatengeneze gari lake Jumapili, bila malipo, bila stendi, chini ya mti, hiyo si hisani unayomfanyia, ni hatari unayomchukulia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi anapoona jambo lenye hatari kubwa lazima amwarifu msimamizi wake, na tena yasema mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali pa hatari kabla ya kurekebisha. Na Sheria ya Kazi ya mwaka huo huo, kifungu cha 19, inaruhusu mshahara ukatwe kwa uharibifu wa mali ya mwajiri pale tu uharibifu unapotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Boljointi iliyochakaa si makusudi ya dereva. Lakini utayathibitishaje hayo kama ulisema kwa mdomo tu, mlangoni, injini ikinguruma?

Kwa hiyo nimekuja na daftari. Ni la shule, la kurasa 32. Katika gari ninaloendesha sasa naandika tarehe, kilometa, nilichosikia na upande gani, na jina la niliyemwambia. Naandika mara mbili kwa karatasi ya kaboni, moja nampa msimamizi aweke sahihi, moja nabaki nayo. Mwanzoni alicheka. Mara ya tatu aliacha kucheka, na mara ya nne gari lilipelekwa gereji siku ile ile. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa, na mwenzako aliyesikia aandike jina lake chini.

Mtu mmoja ameniuliza mlangoni, "Na nikifukuzwa?" Swali hilo si dogo, na sitalijibu kama kwamba nina jibu la mfukoni. Nasema hivi tu: mtu mmoja mwenye daftari ni rahisi kumfukuza. Madereva wote wa mashamba ya Kabazi na Subukia wakiwa na daftari, ni taabu kidogo. Nakala zangu naziacha kwa Katibu kila mwisho wa mwezi, naye amekubali kupokea za wengine.

Yule mwenzangu wa bega yuko hapa leo, ameketi karibu na dirisha. Mkono wake haupandi juu ya kichwa tena, lakini ndiye aliyeshika tochi Jumapili ile, na ndiye aliyeona mkono wa chini haupandi na wenzake. Stendi zetu mbili zinaweza kuazimwa na mwanachama yeyote kupitia kwake. Zirudishwe kabla ya Jumatano, tena zikiwa safi.

Naona ile boljointi imefika mstari wa nyuma. Nirudishieni, tafadhali. Kama kuna maswali, niko tayari.